Ubao wa Viatu Kwa Holi

Marita Silwimba hajawahi kumwogopa mtu, na soko zima la Tunduma litakuapia hilo. Dereva wa lori aliyemkanyagia beseni la nyanya alishuka mwenyewe akaziokota moja moja, maana maneno aliyokuwa anarushiwa yalipenya hata vioo vikiwa vimepandishwa. Lakini mwambie huyo huyo Marita aingie stoo ya mahindi, mlango ufungwe nyuma yake. Atakwambia mahindi yakae huko huko, leo tunakula viazi.

Woga huo aliupata shuleni kijijini Ndalambo, akiwa darasa la tatu. Ndoo ya shule ilidondoka kisimani, na mwalimu akatafuta mtoto mwembamba wa kushushwa. Wakamfunga kamba kiunoni. Kamba ikanasa kwenye jiwe katikati, ikakatika nyuzi, na wakubwa wakaenda kijijini kutafuta nyingine. Marita akabaki chini, maji yamemfika kifuani, anaangalia mwanga juu mdogo kama sahani. Alikaa humo vipindi viwili vizima. Alipotolewa hakulia. Alimtukana mwalimu, akachapwa, na miaka minne baadaye akamaliza darasa la saba na alama nzuri za hesabu na woga wa mashimo ambao haujamtoka mpaka leo, na ana miaka arobaini na minane.

Sasa utaniuliza, mtu wa namna hiyo alifikaje kula kwa kutambaa ndani ya mlima.

Chanzo ni Venance, mumewe. Venance alikuwa anabadilisha pesa pale mpakani, kwacha kwa shilingi, na mfukoni hakukosa kitaa cha mwanga wa zambarau cha kukagulia noti bandia. Siku moja alivuka kwenda Nakonde kununua sabuni, na hiyo sabuni inaonekana ni adimu sana, maana huu ni mwaka wa sita anaitafuta. Alichoacha nyumbani ni godoro na kile kitaa. Rafiki yake Marita, Gwalugano, mwanamke wa Isongole mwenye mikono mikubwa na moyo mkubwa zaidi, alikuwa anapikia wachimbaji huko Kwa Holi. Akamwita akasaidie.

Kwa Holi ni mgodi wa zamani wa dhahabu, unapita Mkwajuni kwa bodaboda mpaka njia yenyewe ichoke. Wazungu waliuchimba kabla ya Uhuru, wakauacha, na sasa wachimbaji wadogo wanaufukua upya. Siku moja, ndani ya banda la kupikia, Marita alikuwa anakagua noti ya mteja kwenye kona ya giza. Mkono ukateleza, mwanga ukaliangukia jiwe la kukandamizia kifuniko cha maharage. Jiwe likawaka jekundu kama kaa la moto. Akaligusa. Lilikuwa baridi kama uso wa mdai.

Gwalugano alitaka litupwe mbali na chakula cha watu. Marita alilifunga kwenye kanga akaenda nalo mpaka kwa Luka, dalali wa madini mwenye leseni yake pale Mbeya. Luka hakushangaa hata kidogo. Alimweleza kwamba ng'ambo kuna watu wanayakusanya mawe ya namna hiyo, wanayapanga ndani ya chumba cha giza, wanayamulika.

"Halafu wanayafanyaje? Wanayasaga?"

"Hapana mama. Wanayaangalia tu."

"Wanayaangalia tu," alisema Marita. "Basi kuna watu wameshiba duniani."

Luka alimpa taa nyingine yenye kioo cheusi, akamwonya asijimulike machoni, yatawasha kama yamepakwa pilipili. Kitaa cha noti kilikuwa kinaamsha mawe mekundu peke yake. Hii taa mpya iliamsha na mengine, yale ya rangi ya mbalamwezi, nyeupe inayoelekea buluu, ambayo juani ni kokoto la kijivu lisilo hata sura ya kurushia kuku. Miaka miwili Marita aliyaokota kwenye vifusi vya nje, akamwuzia Luka, akaezeka nyumba, akala vizuri. Kisha vifusi vikasagwa vyote kutafuta dhahabu, na mawe mazuri yakabaki sehemu moja tu. Ndani.

Ndani mwanamke haingii. Hiyo ndiyo sheria ya Kwa Holi, na Mhoja, msimamizi wa mgodi, Msukuma mtaratibu wa maneno machache, haipindishi. Mwanamke akiingia dhahabu inazama, wanasema. Akikutwa, anachinjwa mbuzi mweusi kusafisha mlima, na mwanamke anafukuzwa yeye na aliyemleta. Aliyemleta Marita ni Gwalugano, mwenye watoto watano na banda moja.

Kwa hiyo Marita alitafuta njia ya nyuma. Upande wa pili wa mlima, katikati ya miiba, kulikuwa na tundu ambalo wazungu walilitoboa ili hewa ipite. Ukitambaa kwa tumbo, ukipumzika mara mbili, ukiomba Mungu mara nyingi, unatokea kwenye pango kubwa waliloliacha. Pango hilo na njia ya Mhoja vimetengwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa tu, bila saruji, na kwenye nyufa zake sauti zinapita kama kwenye uzio wa mabua. Kabla ya kuingia, kila mara, tumbo lilimwendesha. Alishajua kichaka cha kujisitiria. Kisha alivua viatu, akavitia kwenye mfuko, akaingia navyo.

Hapo penye viatu ndipo penye kisa chote, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Kwa Holi kila anayeingia mgodini anavua viatu vyake mlangoni na kuviacha juu ya ubao mrefu. Akitoka anavivaa. Mtu hagusi viatu vya mwenzake hata kwa utani, na aliyewahi kufanya utani huo alitimuliwa siku hiyo hiyo. Sababu ni baruti. Kabla ya kulipua, Bugalama, mlipuaji, anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mlangoni: mara ya kwanza watu watoke. Kisha anaangalia ubao. Kukiwa na ndala moja tu imebaki, haingii na kiberiti. Ubao ukiwa mtupu anapiga kelele, "Ubao mweupe," wote wanaitikia, "Mweupe," na yeye, viatu vyake miguuni kwa mara hiyo tu, anaingia kuwasha tambi za baruti. Akitoka mbio anagonga tena, na hapo kila mtu anajilaza nyuma ya vifusi.

Marita aliujua utaratibu huo vizuri kuliko sala ya chakula. Ndiyo maana viatu vyake, vya plastiki, vya buluu, vyenye ua kidoleni, alivificha. Aliogopa kuonekana kuliko alivyoogopa kulipuliwa. Na baruti hakuiogopa sana, kwa sababu baruti ililipuliwa saa kumi jioni, siku zote, na yeye alikuwa nje kabla ya saa nane.

Alhamisi ya kisa hiki, Luka alikuwa amekwisha kumpigia simu. Alitaka jiwe lenye rangi zote mbili pamoja, jekundu na lile la mbalamwezi, vimeshikana kwenye kipande kimoja. Marita alilijua lilipo. Alikuwa ameliona kwenye ukuta wa pango mara mbili na mara zote mbili alilikimbia, kwa sababu lilikuwa kwenye pembe ya chini kabisa ambako lazima uinamishe kichwa na giza likukae mgongoni.

Asubuhi alimpitia Gwalugano bandani. "Leo saa kumi?"

"Saa kumi kama kawaida. Umekula?"

"Nikila nitatapika."

"Marita mdogo wangu, biashara gani hii inayokutapisha kabla hata hujaifungua?"

"Wewe pika."

Akazunguka mlima. Kichaka, viatu, tundu. Alitambaa akihesabu kwa mdomo, maana alipohesabu kisima kilikaa mbali kidogo. Alipofika mia mbili na kumi akadondokea pangoni, akakaa kitako. Kwenye nyufa alisikia nyundo za akina Mhoja, ko, ko, ko, zikampa nafuu kama mtu anavyopata nafuu akisikia majirani wanatwanga.

Akawasha taa. Giza likafanya yale linayofanya. Ukuta uliokuwa si kitu ukaota madoa, mekundu huku, meupe ya baridi kule, kama kijiji kizima kimewasha moto mbali. Hapo ndipo siku nyingine woga ulimwachia kidogo. Siku hiyo haukumwachia. Alishuka kwenye ile pembe kwa magoti, akainamisha kichwa, akanyoosha mkono kwenye kitu cha kijani kilichokuwa kinang'aa kando ya jiwe lake, akijiuliza hii rangi Luka mbona hakuitaja. Kile cha kijani kikainua mkia.

Nge. Nge nao wanawaka kwenye taa hiyo, na huo ndio uchawi wao wote. Marita alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga mwamba, mkono mdomoni asipige kelele. Alingoja mdudu aende zake. Kisha alirudi kwa jiwe, kwa sababu ndivyo alivyo, akaligonga kwa nyundo ndogo aliyoivika kitambaa, pole pole, mpaka likamjia mkononi zima, kubwa kama mkate. Nusu kaa la moto, nusu mwezi. Alilitazama, na kwa pumzi moja hivi akawaelewa wale watu walioshiba.

Ndipo alipogundua kwamba nyundo za upande wa pili zimenyamaza.

Alizima taa ili asikie vizuri, ujinga mtupu, kana kwamba masikio yanahitaji giza. Alisikia miguu mitupu inapita nyuma ya ukuta, mingi, haraka. Mtu akasema, "Wahini, gari la msibani haliwezi kutusubiri." Mwingine akauliza maiti inatoka saa ngapi. Na mbali, mlangoni, reli ikagongwa. Ngwaa.

Kilichotokea huko nje alikuja kukijua baadaye: mama yake mchimbaji mmoja alikuwa amefariki, simu ilikuwa imeingia saa nne, na Mhoja alikuwa amesema wachomeke baruti waliyokwisha kuitayarisha, walipue mchana huu, waende kuzika wote. Gwalugano aliambiwa apakie chakula kwenye gari. Alikuwa anatupa macho upande wa nyuma ya mlima, midomo imekufa ganzi. Na yeye alikuwa anaogopa mbuzi mweusi.

Marita alisimama, akalifunga jiwe lake tumboni kwa kitenge. Kurudi kwa tundu la nyuma ni safari ya mia mbili na kumi, na alijua hesabu. Alikuwa na alama nzuri za hesabu. Baruti ingemkuta katikati, amelala kifudifudi kwenye mfereji wa mwamba. Kelele ndiyo ingemwokoa. Neno moja tu, "Nipo," lipite kwenye nyufa, na mlima mzima ungesimama. Alifungua mdomo. Akamwona Mhoja, akaona mbuzi, akamwona Gwalugano anabeba masufuria yake kichwani na watoto watano nyuma. Mdomo ukafunga wenyewe.

"Ubao mweupe," alisikia Bugalama akisema.

"Mweupe," wakaitika.

Miguu ya mtu mmoja ikaja, ikapita, ikaenda mbele. Kisha alisikia mlio ambao alikuwa hajawahi kuusikia kwa karibu hivyo, kama mafuta yanayoguswa na maji, mara tano, tambi tano. Harufu ikaingia kwenye nyufa. Ikawa kama mtu amemkata kamba kiunoni.

"Nipo," alisema. Haikutoka sauti, ilitoka hewa. "Nipo huku. Nipo, nipo, jamani nipo huku."

Miguu ya Bugalama ilisimama. Halafu ikakimbia, lakini kuelekea nje, kasi ambayo Marita hajawahi kuisikia kwa binadamu. Na alimsikia akipaza sauti huko mlangoni, "Kuna mwanamke analia ndani ya mwamba," na wanaume wazima, wenye mabega kama milango, wakaanza kumtaja Mungu kwa lugha tatu.

"Ni wale vibarua wa wazungu," mmoja alisema. "Waliofukiwa."

"Mnyamaze," ilikuwa sauti ya Mhoja. "Ni nani huko?"

"Ni mimi Marita. Mama wa bandani. Mhoja, nitoeni."

Kisha Bugalama akauliza: "Kama wewe ni mtu, viatu vyako viko wapi?"

"Ninavyo."

"Mtu haingii na viatu ndani."

"Bugalama," Marita alisema, na hapo hofu ilikuwa imemjaa mpaka ikamgeuka ikawa ulimi, "wewe uliyelalamika jana maharage yana chumvi na ukalamba bakuli. Wewe uliyeoga mara ya mwisho Jumapili, tukakupigia makofi. Mzimu gani utakujua wewe hivyo? Njoo unitoe, au nikifa nitakaa kwenye kitanda chako, upande wa ukutani."

Nje alisikia Gwalugano analia kwa sauti, "Ni yeye, ni yeye, mimi nilijua, nitozeni mimi huyo mbuzi." Na mtu akauliza, "Tambi zina dakika ngapi?" na Bugalama akajibu, "Saba. Zilikuwa saba."

Sasa watu wengi wanapenda kusimulia ushujaa. Mimi nitasema kilichotokea. Bugalama hakutaka kuingia. Alisema wazi kwamba hataki, akasema ana mke na mtoto mchanga, akavua viatu, akaviweka ubaoni, akaingia. Alikuwa analia anapokimbia. Marita alikisikia kilio kinakuja. Alipofika kwenye ukuta alianza kuyavuta mawe kwa mikono na Marita akayasukuma kutoka ndani, kucha zinang'oka, na kila jiwe lililoanguka liliuangusha moyo.

"Zikate hizo tambi," Marita alimwambia kwenye upenyo.

"Moto umeshaingia kwenye mwamba, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Hauonekani tena. Lete mkono."

"Upenyo ni mdogo."

"Lete kichwa basi. Achia hilo lifuko."

Aliachia mfuko. Mawe yote ya siku hiyo, nyundo, vile viatu vya buluu, vikabaki. Jiwe lile moja lilikuwa limefungwa kwenye kitenge tumboni, na taa ilikuwa shingoni, na kwa kweli hakuvikumbuka; angevikumbuka angevitupa. Kichwa kikapita. Bega likakataa. Alikwama, nusu huku na nusu kule, na mbele yake hakukuwa na mwanga hata wa sahani. Hapo akili ilimtoka kabisa. Alimng'ata Bugalama mkono. Bugalama akamtukana kwa Kisukuma, akaweka mguu ukutani, akavuta kama anavyovutwa ng'ombe kwenye tope, na ngozi ya bega ikabaki kwenye mwamba lakini Marita akatoka.

Walikimbia wameshikana, hakuna aliyemwachia mwenzake. Mwanga ulipotokea mbele, Marita aliuona mdogo, ukawa mkubwa, ukawapokea. Walikuwa hatua kama kumi nje ya mlango wakati ardhi ilipowanyanyua miguu. Ilipiga moja, mbili, tatu, nne. Wakalala chini wanasubiri ya tano. Ya tano ikapiga. Vumbi likatoka mlangoni kama ng'ombe wanaotoka zizini, na nyuma ya mlima, kule kwenye miiba, vumbi jingine jembamba likapanda juu peke yake. Tundu la hewa lilikuwa limetema na kuziba.

Watu walilitazama lile vumbi la pili kwa muda mrefu. Kila mmoja alikuwa anapiga hesabu yake.

Gwalugano alimfunika Marita shuka, akamkalisha juani. Jua la saa saba lilikuwa linawaka. Bugalama alikaa hatua mbili kutoka kwake, ameshika mkono ulioumwa, anauangalia ubao ambao ulikuwa na jozi moja tu, ya kwake.

"Niliuangalia," alisema. "Mayu, niliuangalia ubao vizuri. Niliwasha mimi."

"Uliwasha kwa haki," Marita alimjibu. "Mwongo nilikuwa mimi."

Mhoja alikuja akachuchumaa mbele yake. Hakumkaripia. Alimuuliza kitu kimoja: alikuwa anatafuta nini huko ndani. Marita akafungua kitenge, akalitoa jiwe. Wanaume wakasogea, wakaliangalia, wakaangaliana. Juani lilikuwa jiwe la kijivu lenye uchafu.

"Kwa hili?" alisema Mhoja.

"Likiwa gizani linakuwa kitu kingine."

"Wanawake," alisema mtu nyuma, na Gwalugano akamwambia afunge bakuli lake.

Mhoja alivua koti lake zito la mvua, akalitandaza juu ya kichwa chake na jiwe na taa, akapotelea humo. Watu wakasubiri. Gari la msibani likapiga honi, hakuna aliyegeuka. Alipotoa kichwa alikuwa amebadilika sura. Alimpa Bugalama koti. Bugalama akaingia. Kisha mwingine, na mwingine. Aliyesema "wanawake" alikaa humo kuliko wote.

"Mama Marita," Mhoja alisema mwishowe, "mbuzi atachinjwa. Hilo siwezi kulizuia, watu wameogopa. Banda la Gwalugano litabaki. Na wewe kuanzia leo mlima huu huingii, mbele wala nyuma."

"Ungeniruhusu ningekuona adui yangu."

Wengine wakacheka kidogo, cheko la watu ambao bado wanatetemeka. Bugalama alimsogezea koti, akalinyanyua upande mmoja kama mtu anavyomshikia mgeni pazia. "Njoo ulione na wewe. Limepona zima, halina hata ufa."

Marita aliangalia ule weusi chini ya koti, mdogo tu, wa kutosha kichwa kimoja. Alijivuta nyuma kwa makalio, katikati kabisa ya jua, akajifunga shuka, akafumba macho, kisha akayafumbua haraka sana, kwa sababu hata huko ndani ya macho palikuwa na giza.

"Liangalieni nyie," alisema. "Mimi mniambie tu likoje."

Kwa hiyo Bugalama akaingia tena chini ya koti, na kutoka humo akaanza kumweleza: nyekundu iko huku, mama, nyeupe iko huku, na katikati, hapa, ndipo zinapokutana.